KHABARI ZA BARAZANI NA KAZI YA MSIMAMIZI



Katika mkutano mkuu ujao mtaletewa shauri la kupunguza gharama za Chama. Shauri lenyewe ni kwamba wajumbe wa Halmashauri wasizunguke tena matawini wakati wa msimu wa kuchuma, bali kila karani wa tawi ajaze fomu, ailete ofisini, na Halmashauri isome fomu hizo na kuamua. Wanaoliunga mkono shauri hili wana haki katika jambo moja: nauli na posho ni fedha za wanachama, na fomu haili wala hainywi. Lakini kabla hatujanyoosha mikono, twaona yafaa tueleze jambo ambalo halionekani katika hesabu ya nauli. Sehemu kubwa ya khabari anazozihitaji msimamizi hazimfikii kwa karatasi, na hazijapata kumfikia kwa karatasi tangu zamani.

Tunaposema msimamizi hatumkusudii mkubwa wa ofisi peke yake. Mwenye shamba aliye na wachumaji kumi ni msimamizi. Mwenyekiti wa tawi ni msimamizi, na karani wa mizani vile vile. Kila mwenye kuamua kwa niaba ya wengine anahitaji kujua, na suala letu leo ni hili: anajuaje?

KHABARI ZA NAMNA MBILI

Khabari ya kwanza ni ile iliyoandikwa: daftari la mizani, risiti, barua, taarifa ya mkutano. Hii ina sifa zake. Haisahau, haibadiliki kwa kupita midomo mingi, na yaweza kuonyeshwa mbele ya mkaguzi. Chama kisicho na daftari si chama.

Khabari ya pili ni ile tunayoiita ya barazani, yaani kila neno lisilopita katika daftari wala katika mkutano wenye ajenda. Ni maneno ya wachumaji wanapopumzika chini ya mkarafuu, mazungumzo ya foleni ya mizani, salamu za mtu aliyeshuka chomboni, simu ya jamaa aliye ng'ambo, na yale wanayoambiana kina mama wakati wanapochambua karafuu usiku. Khabari hii haina muhuri. Lakini aghlabu hufika kwanza, tena hufika na sababu yake. Fomu itakwambia kuwa tawi fulani limeleta magunia machache. Baraza litakwambia kwa nini.

Wataalamu wa kazi za usimamizi wamelichunguza jambo hili. Bwana Henry Mintzberg wa Canada aliwafuata wakuu watano wa mashirika, akaandika walichokuwa wakifanya saa kwa saa. Katika kitabu chake cha 1973 alionyesha kuwa wakuu wale walitumia asilimia 78 ya wakati wao katika kuzungumza na watu, na ripoti za kawaida walizipitia upesi upesi. Hawakuudharau hata uvumi, kwa kuwa waliona kwamba anayengoja mpaka jambo liandikwe aghlabu huchelewa.

Kabla yake, mwaka 1953, Bwana Keith Davis alichapisha uchunguzi wake juu ya namna khabari zisizo rasmi zinavyoenea katika kampuni moja ya Marekani. Ofisa mmoja alipokusudia kuacha kazi, asilimia 81 ya maofisa walikuwa wakijua, lakini waliompasha mwengine khabari ile ni asilimia 11 tu. Hapa pana fundisho kwetu. Katika kila kijiji wanaosikia ni wengi, na wanaopeleka mbele ni wachache. Msimamizi asiyewajua hao wachache hukaa katikati ya watu na asisikie kitu.

MFANO WA RWAMGASA

Mfano tulioupenda zaidi umetoka mbali na bahari, katika kijiji cha Rwamgasa, Wilaya ya Geita, kusini ya Ziwa Victoria. Wengine huliandika jina hilo Rwamagasa au Lwamgasa. Ni kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mwanachama atauliza, dhahabu na karafuu zina udugu gani? Tunamjibu kuwa zina udugu mkubwa. Huko kama huku kuna vibarua wanaolipwa kwa kipimo, kuna mizani inayotazamwa kwa jicho la shaka, kuna mnunuzi aliye karibu na bei inayoamuliwa mbali. Tena huko, kama juu ya mkarafuu, kazi yenyewe yaweza kumuua mtu.

Katika machimbo kama hayo msimamizi ni mwenye duara, na duara ni shimo la kuchimbia. Yeye ndiye anayetoa chakula cha wachimbaji, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, mafuta ya mashine ya kuvuta maji na gharama nyengine. Wachimbaji wake kwa kawaida hawana mshahara wa mwezi, bali hugawiwa mifuko ya mawe kwa mafungu waliyoafikiana. Basi kila siku inayopita bila ya kupata mwamba wenye dhahabu ni hasara kwa wote. Mwenye duara lazima aamue: aendelee kuchimba, ageuze upande, au aache kabisa?

Hana mpimaji wa ardhi aliyeajiriwa wala ripoti mezani. Ana masikio. Husikia kwamba duara la jirani limeupata mwamba, akahesabu unaelekea upande gani. Hutazama mifuko mingapi inapelekwa karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, na nani anapanga foleni mara mbili kwa siku. Husikia kwa mama anayepika chakula ni kikundi gani kimeanza kulipa madeni na kikundi gani kinaomba kukopeshwa tena. Neno moja peke yake si kitu, lakini maneno matatu yakitoka pande tatu na kuelekea pahali pamoja humpa njia.

Kwa usalama mambo ni hayo hayo. Anayejua kwamba gogo limeanza kulia, au kwamba maji yanatoka ukutani pasipokuwa pakitoka maji, ni yule aliye chini. Akiogopa kusema, au akisema kwa mtu asiyesikiliza, daftari litaandika khabari hiyo baada ya maafa.

Katika ukanda ule ule wa dhahabu, huko Nyangalata, Kahama, Mkoa wa Shinyanga, mgodi uliporomoka tarehe 5 Oktoba 2015. Wengine waliokolewa mapema, lakini baadhi walibaki chini na kuhesabiwa kuwa wamekufa. Baadaye wachimbaji wenzao walisikia sauti kutoka ardhini. Khabari ile ikachukuliwa kwa uzito, watu wakachimba, na tarehe 15 Novemba watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Kwa hesabu za ofisi jambo lilikuwa limekwisha. Uhai wa watu wale ulitegemea neno la watu wa kawaida kwamba wamesikia kitu, na kwamba alikuwapo wa kuliamini japo kwa kiasi cha kwenda kutazama.

CHOMBO KILICHOGAWIWA NA CHOMBO KINACHOTUMIKA

Rwamgasa inajulikana kwa jambo jengine pia. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa, kwa kupitia shirika lake la maendeleo ya viwanda, ulianza mradi wa kupunguza madhara ya zebaki katika nchi sita, nazo ni Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Tanzania na Zimbabwe. Kwa Tanzania kazi ilifanywa Rwamgasa. Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu ili dhahabu ishikamane, kisha huchoma ile tonge mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Moshi wake ni sumu. Mwaka 2003 madaktari waliwapima watu wa kijiji hicho, na miongoni mwa waliokuwa wakichoma zebaki walikutwa wenye dalili za kudhurika.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Kiko chombo cha kuchomea kilichofungika, kiitwacho kigida, ambacho huuzuia moshi na kuirudisha zebaki itumike tena. Lakini katika machimbo mengi duniani wataalamu walikuta kuwa vyombo hivi vikigawiwa havitumiwi. Ripoti yaweza kuandika kwa haki kabisa: vyombo kadhaa vimegawiwa, watu kadhaa wamefundishwa. Haisemi wachimbaji wanaambiana nini jioni. Wanasema dhahabu nyengine inabakia ndani ya chuma. Wanasema inatoka na rangi isiyopendwa na mnunuzi. Wanasema kuchoma kwa chombo kunachelewesha. Zaidi ya yote wanasema kuwa chombo kimefungwa, mtu haioni mali yake, na anayechoma aweza kumwibia.

Msimamizi anayesoma ripoti peke yake atasema watu hawa ni wakaidi. Aliyeyasikia maneno yao atajua kuwa si ukaidi. Ni watu wanaolinda jasho lao. Na akijua hivyo atajua na la kufanya: achome mbele yao, apime kabla na baada, au atumie chombo chenye bakuli la kioo ili kila mtu aone. Vyombo vya kioo vimewahi kutumika katika mafundisho ya namna hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

Na sisi je? Mara ngapi tumegawa miche ya mikarafuu na kuandika idadi yake, kisha miche ikakauka? Idadi tunayo. Sababu zimo midomoni mwa watu.

BEI HUTANGULIA TANGAZO

Jambo ambalo khabari za barazani hulichukua upesi kuliko yote ni bei. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa. Tangu Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar lilipoanzishwa mwaka 1968, karafuu zilikuwa na bei ya serikali. Lakini kwa miaka mingi bei iliyokuwa ikilipwa ng'ambo, Shimoni na Mombasa, ilijulikana vijijini Pemba bila ya kutangazwa pahali popote. Mabaharia ndio waliokuwa gazeti. Pengo la bei hizo mbili lilipokuwa kubwa, magendo yalizidi. Aliyekuwa akisoma hesabu za vituo vya kununulia aliona upungufu tu, na pengine alidhani mikarafuu haikuzaa. Aliyekaa barazani alijua karafuu zimekwenda wapi na kwa shilingi ngapi. Mwaka 2011 Serikali ya Zanzibar ilipopandisha bei ya karafuu za daraja la kwanza mpaka shilingi 15,000 kwa kilo, karafuu nyingi zilirudi vituoni.

Huko Geita mambo yamekwenda kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1990 Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ile ya soko, dhahabu iliyokuwa ikipita njia za panya ilianza kujitokeza. Na Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa mjini Geita, ili muuzaji apate bei mbele ya macho ya watu. Kabla ya hapo mchimbaji wa kijijini alitegemea neno la mnunuzi aliyemjia, na neno la rafiki aliyeuza jana. Neno la rafiki lilikuwa ndilo kinga yake.

UVUMI NA HASARA YAKE

Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii twaipenda, lakini msimamizi akiishika peke yake itampoteza. Katika ukanda wa dhahabu neno kwamba pahali fulani dhahabu imefumuka huwatoa watu kwa mamia. Hufunga mizigo, huuza walicho nacho na kwenda. Mabibi na mabwana wa elimu, kama Deborah Bryceson na Jesper Bosse Jønsson katika makala yao ya 2010, wameeleza jinsi kuhama kutoka chimbo moja kwenda jengine kulivyo sehemu ya maisha ya wachimbaji wa Tanzania. Baadhi ya safari hizo huwa na kheri. Nyengine humkuta mtu amefika wakati waliotangulia wamekwisha gawana maduara, na uvumi umekuzwa na wenye kuuza chakula na maji.

Khabari ya barazani ni kama karafuu mbichi. Hakuna anayeipeleka mizani pamoja na makonyo yake. Huchambuliwa, ikaanikwa juani, ikageuzwa, mpaka ikauke. Na anayeilundika bila ya kuianika huiona imevunda na kuwa mpeta. Basi kosa si kuisikia khabari mbichi. Kosa ni kuiuza kabla haijakauka, au kuiacha ioze kwa kuwa haikuja na muhuri.

Sisi Waislamu tumefundishwa jambo hili tangu chuoni. Katika Sura ya An-Naml tunasoma kwamba Nabii Suleiman, amani iwe juu yake, aliwakagua ndege akamkosa hudhud, akaahidi kumwadhibu asipoleta hoja ya wazi. Hudhud akaja, akasema mbele ya mfalme kwamba amejua jambo ambalo mfalme halijui, akaeleza khabari ya Sabaa na malkia wake. Tutazame mambo matatu. Ndege mdogo hakuogopa kumwambia mfalme kuwa kuna usilolijua. Mfalme hakukasirika wala hakumwambia apitie kwa karani. Tena hakuamini papo hapo; alisema atatazama kama amesema kweli au ni mwongo, akampa barua aipeleke, na jawabu ndiyo iliyokuwa uthibitisho. Usimamizi wa khabari wote umo humo.

Na katika Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kuchunguza khabari anayoileta mtu mpotovu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga tukajuta. Sura hiyo hiyo inatukataza kupelelezana na kusengenyana. Basi Chama kisigeuze baraza kuwa pahali pa wapelelezi. Khabari ya shamba, mti, mizani, njia na bei ni kazi yetu. Khabari ya nyumba ya mtu si kazi yetu. Na msimamizi anayewalipa watu ili wamletee maneno ataletewa maneno mengi, na kweli chache.

LA KUFANYA

Kwa hivyo twaona shauri la gharama lizungumzwe kwa namna hii:

1. Fomu ziwepo. Uzito, idadi ya magunia, fedha na majina ni mambo ya daftari, na wala yasiachiwe midomo.

2. Ziara za matawi zipunguzwe lakini zisifutwe, na zisiachwe kabisa katika wiki za kuchuma. Mjumbe anayekwenda asifike kwa mkutano tu akarudi. Akae foleni ya mizani, apite mashambani wakati wa mapumziko.

3. Asikae katika baraza moja. Baraza la wanaume halina wale wanaochambua, na mkutano wa wenye mashamba hauna wachumaji. Wachumaji ndio wanaojua tawi gani la mkarafuu limeoza na kamba gani imelika, na wao ndio wanaoanguka. Hakuna fomu yenye mstari wa jambo hilo.

4. Kila neno zito liulizwe maswali matatu: nani aliyeona kwa macho yake? Msemaji ana faida au hasara gani? Wapi pengine tutapata kulihakikisha? Lisilo na jibu lisubiri, na lisitolewe uamuzi wa kumuumiza mtu.

5. Linalohusu uhai lisisubiri. Akitokea mtu akasema mti si salama, watu washuke kwanza, uchunguzi ufuate. Kwenda kutazama bure ni hasara ya nusu saa.

6. Aliyeleta neno arudishiwe jawabu, na jina lake lihifadhiwe ikiwa kulitaja kutamletea madhara. Mtu akisema mara mbili na asione lolote, mara ya tatu hanyanyui mdomo.

Watakaosema kuwa maneno haya ni ya kuongeza gharama tunawaomba wapige hesabu ya upande wa pili. Nauli ya mjumbe kwenda tawini tunaijua. Gharama ya kujua baada ya wiki sita kwamba mizani ilikuwa ikilalamikiwa tangu siku ya kwanza, na wanachama wakapeleka karafuu zao kwengine, hiyo hatuiandiki popote, lakini twailipa.

Shauri litasomwa katika mkutano mkuu, na kila mwanachama ana kura yake. Mwenye maoni tofauti na haya na ayalete ofisini kwa maandishi yapate kuchapishwa katika toleo lijalo. Na asiyependa kuandika, wajumbe wote wa Halmashauri mwawajua, na baraza zao mwazijua.

Katibu wa Chama